Formula E: watu wanavyosema na mambo yalivyo

Ukitaja Formula E mbele ya watu wanaopenda magari, hasa wale wa Safari Rally waliozoea vumbi la Naivasha na injini unayoisikia kabla gari halijaonekana, jibu ni "aah hizo za betri, achana nazo". Mi nadhani wengi wamezikataa kabla hata hawajaangalia mbio moja mpaka mwisho, na wanachokataa sio mbio zenyewe, ni vitu walivyosikia tu. Kwaiyo hapa nachukua yale yanayosemwa sana, tuyaangalie moja moja.

Kwa ambaye ndo anaanza kabisa: ni mbio za magari ya kiti kimoja, magurudumu yako nje kama ya Formula 1 (F1) lakini yanatumia umeme mtupu, na zinasimamiwa na FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, haohao wa F1. Wazo lilianzia Paris 2011, Mhispania Alejandro Agag akiwa na Jean Todt ambaye wakati huo alikuwa rais wa FIA, na mbio ya kwanza ikafanyika Beijing tarehe 13 Septemba 2014. Tangu msimu wa 2020/21 ni ubingwa wa dunia kamili.

"Hazina spidi." Hapa inategemea unaongelea spidi gani. Gari la sasa, Gen3 Evo (yaani kizazi cha tatu kilichoboreshwa), linatoka 0 mpaka 100 km kwa saa kwa sekunde 1.86, na F1 kwenye hizo mita za mwanzo inaachwa. Spidi ya juu iliyotajwa na waandaaji ni 322. Ila ukweli usemwe wote, kwenye mzunguko mzima F1 iko mbali: Monaco 2025 F1 walizunguka kwa dakika 1 na sekunde 10 hivi, Formula E wako nyuma kwa zaidi ya sekunde 15 kwenye barabara zilezile. Nguvu ya juu kabisa ni kilowati 350, karibu nusu ya farasi wa F1, na hawana mabawa makubwa ya kulikandamiza gari chini, tena tairi zina mifereji kama za kawaida. Anayekwambia Formula E ni kasi kuliko F1 anakudanganya na anayekwambia ni kigari cha gofu naye anakudanganya.

"Betri ndogo ndo maana wanaendesha kwa kuogopa." Hii ndo dhana ninayotamani iishe kabisa maana anayeiamini haoni mbio zinachezwa wapi. Ni kweli nishati ni kidogo, Gen3 ilianza na kama kilowati-saa 38.5 za kutumia, yaani zile uniti 38 na nusu unazonunua za LUKU au token, ndo gari la mbio litumie karibu dakika 45 au zaidi na mpinzani yuko nyuma ya shingo. Ukikanyaga mpaka chini mwanzo mwisho hufiki, na imepangwa hivo makusudi. Asilimia kama 40 ya nishati inayotumika kwenye mbio inatengenezwa palepale barabarani gari linapopunguza mwendo, mota zinageuka kuwa jenereta, ya mbele mpaka kilowati 250 na ya nyuma 350, jumla 600, na ndo maana Gen3 iliundwa bila breki za kawaida za nyuma.

Sasa mwangalie dereva anapokaribia kona. Anaachia pedeli mapema, kabla ya sehemu ya kufunga breki, gari linateleza lenyewe mita kadhaa bila kula chochote, halafu ndo anafunga na kuvuna. Akiachia mapema sana anapitwa, akichelewa sana ameunguza umeme ambao atautafuta mzunguko wa mwisho asiupate. Anafanya hesabu hiyo kila kona huku injinia anamsomea namba redioni na kuta za zege ziko sentimita chache kutoka kwenye tairi, na dereva anayeweza kuokoa asilimia moja tu zaidi ya mwenzake bila kupoteza nafasi ndo utamuona dakika kumi za mwisho anapita watu kama wamesimama.

Hapo ndo utaelewa kile kinachowachanganya wageni, kwamba kuna mbio ambazo hakuna anayetaka kuongoza. Wa kwanza ndo anapasua upepo kwa hiyo anakula umeme mwingi, wa nyuma yake wanajificha wanaokoa. Portland mwaka 2023 ilikuwa hivo, kundi zima limeshikana kama waendesha baiskeli, zikahesabiwa ovateki zaidi ya 400 kwenye mbio moja, na akashinda Nick Cassidy. Wapo wasiopenda mtindo huo, wanasema sio mbio, mi naona ni akili ya hali ya juu lakini siwalaumu.

Na hesabu ikikosewa matokeo yake ni Valencia, Aprili 2021. Gari la usalama, lile linalowaongoza wote taratibu baada ya ajali, lilikuwa limeingia mara kadhaa, na wakati huo kila likiingia waandaaji walikuwa wanakata kiasi fulani cha nishati inayoruhusiwa. Mbio wakati huo zilikuwa dakika 45 halafu mzunguko mmoja wa kumalizia. António Félix da Costa anaongoza, akavuka mstari zikiwa zimebaki sekunde chache tu kwenye saa, maana yake mzunguko mmoja zaidi ulikuwa lazima, na wengi waliokuwa nyuma yake umeme wa mzunguko huo hawakuwa nao. Magari yakaanza kufifia moja baada ya jingine, Nyck de Vries aliyekuwa amejitunzia akapita akashinda. Wengi walicheka siku ile, lakini de Vries ndo akawa bingwa wa dunia msimu huohuo.

"Wanabadilisha betri katikati kama bodaboda za umeme." Hapana, na hii inaeleweka inakotoka kwa sababu Kigali na Nairobi tumezoea bodaboda kuingia kituoni na kutoka na betri nyingine. Formula E haikuwahi kubadili betri, ilibadili gari zima! Misimu minne ya kwanza dereva alikuwa na magari mawili, anaingia gereji, anafunguliwa mikanda, anaruka kwenye gari la pili lililojaa chaji anaondoka. Tangu Desemba 2018 gari la Gen2 likaweza kumaliza mbio peke yake na mambo hayo yakaisha. Kilichokuja 2025, kuanzia Jeddah, ni Pit Boost, inatumika kwenye baadhi ya mbio tu: unasimama sekunde 30, unachomekwa chaja ya kilowati 600, unapata nyongeza ya asilimia 10.

"Mvua ikinyesha si litapiga shoti?" Wanakimbia mvuani kama kawaida na hizo tairi zenye mifereji ni hizohizo za jua na za mvua. Seoul 2022 mzunguko wa kwanza tu magari kadhaa yaliteleza yakarundikana ukutani, hakuna aliyepigwa shoti. Sio kwamba hatari haipo, umeme wake ni mkubwa mno, ila kuna utaratibu: gari lina taa ya kuonyesha hali yake, ikiwa ya kijani wasaidizi wanaweza kuligusa, ikiwa nyekundu hakuna anayesogeza mkono bila vifaa vya mpira.

"Magari yote ni sawa, hakuna ufundi." Nusu kweli. Bodi, betri na tairi ni za aina moja kwa wote ili gharama zisipae. Lakini mota ya nyuma, giaboksi na hasa programu inayoamua umeme utoke vipi na urudi vipi kila kampuni inajitengenezea, na ndo wanachogombania Porsche, Jaguar, Nissan na hata Mahindra wa India ambao wapo tangu mbio ya kwanza.

Kuhusu Attack Mode, "ni gemu la watoto" wanasema. Dereva anatoka kwenye njia nzuri, anapita sehemu ya nje ya kona yenye sensa chini ya lami, anapewa nguvu za ziada kwa dakika chache. Ila kwenda huko nje unapoteza muda, na ukizikosa sensa umepoteza muda bure. Cape Town, tarehe 25 Februari 2023, da Costa huyohuyo alikuwa anaongoza akazikosa, Jean-Éric Vergne akampita, ikabidi amtafute upya kwa nje kwenye mizunguko ya mwisho mpaka akashinda. Ukiitazama ile mbio utaacha kusema gemu.

Na hapo jibu la "Afrika haziji" umeshalipata. Kabla ya Cape Town kulikuwa na Marrakesh tangu Novemba 2016.

La mwisho ni la mazingira, eti hizi mbio hazichafui kabisa. Sio kweli. Gari halina ekzosi, ndo maana London wanaweza kukimbiza sehemu ya mzunguko ndani ya ukumbi wa ExCeL bila watu kukohoa, lakini mizigo ya timu inazunguka dunia nzima kwa ndege na meli na sehemu kubwa ya uchafuzi wao inatoka hapo, wenyewe wanakiri.

Kama unataka kuanza kuangalia, usihangaike kwanza na majina ya madereva. Wakati wa mbio kwenye skrini kuna asilimia ya betri pembeni ya kila jina. Chagua wawili wanaofuatana, linganisha asilimia zao kuanzia katikati ya mbio, na uone wa nyuma akiwa na mbili zaidi atamfanya nini wa mbele.