Bastola ya Griswoldville na chuma chake kilichosokotwa

Aliyewahi kuona gobore likishindiliwa anajua tayari sehemu kubwa ya habari ya bastola ya Griswoldville, iliyoundwa Georgia, Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Unamimina baruti mdomoni, unateremsha risasi, unashindilia kwa mdeki, kisha unavisha fataki kwenye kifa, ile chuchu ndogo ya chuma iliyo nyuma ya mtutu. Mtambo ukigonga fataki, moto unapenya tundu la kifa na baruti inawaka. Bastola za miaka ya 1860 zilifanya yale yale, ila badala ya chumba kimoja cha baruti zilikuwa na silinda yenye vyumba sita, kila kimoja na kifa chake na fataki yake. Ukivuta mtambo nyuma kwa kidole gumba, silinda inazunguka hatua moja na kujifunga, chumba kipya kikitazamana na mtutu.

Mdeki wake hauchomolewi. Umeunganishwa na wenzo chini ya mtutu, na ukiushusha unaisukuma risasi ndani ya chumba. Risasi hufanywa kubwa kidogo kuliko tundu, hivyo inapoingia kwa nguvu hukwanguliwa pete nyembamba ya risasi pembeni. Tukiwafundisha vijana wa idara yetu ya uhifadhi makumbushoni tunawaonyesha pete hiyo kwanza, kwa sababu ndiyo dalili kwamba chumba kimezibika sawasawa. Kisipozibika, moto wa chumba kimoja huweza kurukia cha jirani, na risasi mbili au tatu zikatoka kwa mpigo mmoja, nyingine zikielekea kusiko na mtutu.

Bastola ya aina hii iliyopata jina kubwa ni ya Samuel Colt, aliyesajili hataza yake Marekani mwaka 1836 na kujenga kiwanda Hartford, Connecticut. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Aprili 1861, Hartford ilikuwa upande wa Kaskazini. Serikali ya Kaskazini ilinunua zaidi ya bastola 100,000 za toleo la 1860 peke yake. Majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, yalikuwa na pamba tele na viwanda vichache. Mwaka 1862 gavana wa Georgia, Joseph Brown, aliagiza mikuki 10,000 kwa ajili ya wanajeshi wake. Mikuki, katika vita vya mizinga!

Mmoja wa waliotengeneza mikuki hiyo alikuwa Samuel Griswold, mzaliwa wa Connecticut kama Colt, aliyehamia Georgia na kutajirika kwa kuunda mashine za kutenganisha pamba na mbegu zake. Mji mdogo uliokua kandokando ya kiwanda chake, karibu na Macon, uliitwa Griswoldville. Mwaka huohuo wa 1862 aliungana na Arvin Gunnison, aliyekuwa ameanza kazi ya bastola New Orleans kabla mji huo haujaangukia mikononi mwa Kaskazini, na wawili hao wakaanza kunakili bastola ya Colt ya mwaka 1851, yenye tundu la milimita 9 hivi.

Kunakili kulihitaji chuma cha pua, na Kusini hakikupatikana kwa urahisi. Fremu wakaiunda kwa shaba ya njano, ndiyo maana bastola za Griswold zina rangi ya dhahabu iliyofifia katikati. Kwa silinda walitumia ufundi ambao mimi binafsi nauheshimu kuliko nakshi zote za Colt. Chuma cha kawaida cha wakati ule kilikuwa na nyuzinyuzi za uchafu zinazokwenda kwa urefu wa nondo. Ukitoboa chumba sambamba na nyuzi hizo, baruti ikilipuka inaweza kukipasua kama kuni inavyopasuka kwa kufuata mkondo wake. Basi mafundi walikipasha chuma moto na kukisokota, nyuzi zikazunguka badala ya kwenda moja kwa moja. Silinda iliyochakaa ukiielekeza kwenye taa kwa mshazari, mistari hiyo inaonekana, imepinda kama ukambaa uliosukwa.

Na mafundi hao ni akina nani? Kumbukumbu za wakati ule zinataja wafanyakazi 24 kwenye kazi ya bastola, na 22 kati yao walikuwa watumwa. Watu weusi waliomilikiwa na Griswold ndio waliofua, waliotoboa na kuunganisha silaha za jeshi lililopigana ili waendelee kumilikiwa. Zilitoka bastola karibu 3,700 hivi, hadi Novemba 1864, wapandafarasi wa jeshi la Kaskazini la Jenerali Sherman walipofika Griswoldville na kukiteketeza kiwanda. Juu ya bastola kumepigwa namba ya mfululizo, kwenye fremu, mtutu na silinda, pamoja na vialama vya herufi vya kiwandani. Jina la fundi halipo.

Namba hizo tatu zikilingana, hilo ni jambo la kwanza la kuangalia iwapo umeuziwa au umerithishwa bastola ya namna hii. La pili ni mihuri. Tangu miaka ya 1950 Italia imekuwa ikitengeneza nakala za bastola za vita hivyo, hasa katika mji wa Gardone Val Trompia, na nyingi zina fremu ya shaba. Nakala halali hupigwa muhuri wa majaribio wa Kiitaliano, mara nyingi nyota juu ya herufi PN, yaani baruti nyeusi. Walaghai huukwangua muhuri, kisha huizika bastola ardhini ili ipate kutu. Mahali palipokwanguliwa hubaki bonde dogo, na ukipitisha ukucha taratibu utalihisi.

Sasa hili nalisema kwa sauti kubwa: baruti nyeusi ikikaa mahali pakavu haizeeki. Mwaka 2008 mkusanyaji mmoja huko Virginia aliuawa na kombora la vita hivyo alilokuwa akilisafisha, lililokuwa limekaa zaidi ya miaka 140. Fataki nazo zina chumvi ya zebaki inayolipuka kwa kugongwa tu. Bastola ya urithi ichukulie kuwa imeshindiliwa. Usivute mtambo, usichungulie mdomo wa mtutu, na usijaribu kuchokonoa vyumba kwa msumari. Kama kwenye kifa chochote kuna fataki, yaani kikofia cha shaba, iliyobaki imeng'ang'ania, iache bastola hapo ilipo na uite polisi.

Ikishathibitishwa kuwa tupu, msasa na dawa za kung'arishia vyombo visiiguse, maana zitafuta mistari ya msokoto, mihuri na namba. Vaa glavu, kwa kuwa jasho lina chumvi, na upake mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa laini cha pamba. Ukitaka sisi wa makumbusho tuitambue, piga picha tatu: ubavu mzima, namba, na silinda ikiwa imeelekezwa kwenye mwanga wa dirishani. Leta picha. Bastola yenyewe usiipande nayo kwenye daladala.