Acha kupakua: dhana potofu kuhusu data za tiba kwenye wingu

Wiki hii tena, hapa Bukavu, amekuja mtafiti na diski ya terabaiti moja mkononi: "Mukubwa, unisaidie kupakua data zote, ndipo nianze kuzichambua." Ni wa tatu mwezi huu.

Dhana: Lazima upakue kwanza.
Hapana, na hapana tena. Data mbichi za jenomu (DNA yote) moja ya binadamu iliyosomwa mara 30 hufika kama gigabaiti 100. Kwa mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde, hizo ni saa 55 bila kukatika. Nani hapa Kadutu amewahi kuwa na umeme saa 55 mfululizo? Data za 1000 Genomes, mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu za watu wengi, zilipowekwa kwenye seva za Amazon mwaka 2012 zilikuwa takriban terabaiti 200. Kwa mtandao huohuo utapakua zaidi ya miaka 12, na mtoto wako atakuwa anamaliza shule ya msingi. Kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa mtandao, programu ndiyo inayozifuata data ziliko. Unatuma amri, mistari michache tu. Mashine ya huko inachakata. Kwako kinarudi kijedwali na mchoro, megabaiti chache ambazo hata simu inabeba. Anzisha kazi ndani ya tmux, programu ya kwenye mashine ya huko inayoshikilia kazi hata ukikatika: umeme ukienda huku, huko kazi inaendelea. Na ukimaliza, zima mashine! Inahesabiwa saa hata ukiwa umelala. Nalisema kila siku, na kila siku kuna anayeniletea bili.

Dhana: Basi kila kitu kiende kwenye wingu.
Virusi vya mpox vina herufi za DNA takriban 197,000. Mfuatano wake uliokamilika ni mdogo kuliko picha ya simu. Laptop yako inatosha.

Dhana: Nimefuta majina, mgonjwa hajulikani.
Mwanamke, miaka 34, muuza samaki, Kamituga, na tarehe ya kulazwa: uliza mtaani, watakupeleka hadi mlangoni. Andika rika badala ya umri, mwezi badala ya tarehe. Jenomu ya mtu nayo ni kitambulisho tosha, hata bila jina.

Dhana: Flashi ni salama zaidi.
Ikidondoka Nyawera bila kusimbwa (kufichwa kwa ufunguo), atakayeiokota anasoma yote. Kwenye wingu data husimbwa, na unaweza kuona nani kafungua faili gani, saa ngapi. Ila hayo yote ni bure nywila ikiwa imebandikwa kwenye mlango wa friji ya sampuli, kama nilivyoikuta katika maabara moja, kwa kalamu nyekundu.