Hukumu za Mahakama za Kimataifa Si Karatasi Tupu
Ujumbe unaozungushwa mara kwa mara kwenye makundi sogozi hudai kwamba hukumu za mahakama za kimataifa ni karatasi tupu, kwa kuwa mahakama hizo hazina jeshi wala polisi. Ni kweli hazina. Hata hivyo, mwaka 2002 mahakama ya The Hague, Uholanzi, inayoamua migogoro baina ya nchi (ICJ) ilitamka kwamba rasi ya Bakassi, iliyogombewa na Nigeria na Kamerun, ni ya Kamerun. Nigeria ilinung'unika kwanza, lakini baada ya mazungumzo marefu ilianza kuondoa wanajeshi wake mwaka 2006 na kukamilisha makabidhiano mwaka 2008.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu mahakama hiyo hutoa pia maoni ya ushauri, ambayo kwa kawaida hayafungi nchi yoyote, na katika mji huohuo ipo nyingine inayohukumu watu mmoja mmoja. (Tena, anayekaidi huvuma kuliko anayetii.) Tafadhali usisambaze ujumbe usiotaja kesi wala mwaka. Ukitajiwa kesi, fungua tovuti ya mahakama, uangalie kama waraka ni hukumu au maoni, kisha usome aya za mwisho, ambako majaji huorodhesha walichoamua.