Haiba ya mpakani: maswali ninayoulizwa Moshi

Mimi ni mshauri nasaha. Maswali haya huletwa na wazazi, na mara nyingine na wagonjwa wenyewe.

Binti yangu leo anampenda mtu kufa, kesho hataki hata kumsikia. Akikasirika anajiumiza. Majirani wanasema anadeka.

Si kudeka, mama. Huenda ni tatizo la haiba ya mpakani, ugonjwa wa akili unaovuruga hisia za mtu na uhusiano wake na wenzake. Jina lilianzia mwaka 1938, daktari Adolph Stern wa New York alipoandika kuhusu wagonjwa waliosimama mpakani, kati ya makundi mawili ya maradhi ya akili ya wakati ule. Mtaalamu huangalia dalili 9, na zikifika 5 zilizodumu, ndipo hutaja ugonjwa: hofu ya kuachwa, uhusiano usiotulia, hasira kali, kujiona mtupu ndani, kujiumiza na nyinginezo. Uchungu wake ni wa kweli. Neno "anadeka" limewachelewesha wengi kufika kliniki.

Kuna dawa?

Kidonge cha hali hii yenyewe hakuna. Dawa husaidia yanayoambatana nayo, kama sonona. Tiba kuu ni mazungumzo.

Aombewe?

Aombewe, na kliniki aende.

Mazungumzo tu? Mbona nyumbani tunaongea naye kila siku?

Haya yana mpango. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani, alibuni tiba moja ya aina hii na kuchapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1991. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliteseka hivyo ujanani. Kwa kawaida tiba huchukua mwaka mzima: kila wiki mgonjwa anakaa na mtaalamu wake, na siku nyingine anahudhuria darasa la kikundi. Wanajifunza kutulia na kuona kinachotokea sasa hivi, kuvumilia uchungu bila kuharibu, kutawala hisia, na kuomba au kukataa bila kuvunja uhusiano.

Chukua mfano. Dada anauza mitumba soko la Memorial, mchumba wake ni konda wa Coaster za Arusha. Amempigia saa nne, hapokei. Gari likifika Boma Ng'ombe ameshatuma meseji kumi. Likifika Usa River ameshaandika "tumeachana", na wembe uko mkononi. Mtaalamu hamgombezi. Wanarudi nyuma pamoja, kiungo kimoja kimoja cha mnyororo wa matukio: jana ulilala saa ngapi? Asubuhi ulikula? Simu ilipoita bila kupokelewa, wazo gani lilikuja kwanza? Hapo dada anasema, "Niliwaza yuko na mwingine." Kiungo hicho ndicho wanachokifanyia kazi, wiki baada ya wiki, mpaka wazo likija aweze kuliambia: subiri, huenda anakusanya nauli.

London nako, wataalamu Anthony Bateman na Peter Fonagy walijenga tiba inayofundisha hasa hilo: kujiuliza mwenzangu anawaza nini, na mimi nawaza nini.

Atapona?

Wengi hupata nafuu kubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa miaka 10: 93 kati ya 100 walipitisha angalau miaka miwili bila kutimiza vigezo vya ugonjwa. Kazi na uhusiano ulio imara huchelewa zaidi, na wengine hawavipati, kwa hiyo usimhesabie miezi.

Nianzie wapi?

Moshi anzia hospitali ya Mawenzi au KCMC, Arusha hospitali ya Mount Meru, ukaulizie huduma za afya ya akili. Waliosomea tiba hizi ni wachache. Uliza waziwazi nani anazifahamu. Mshauri msikivu anayemwona kila wiki bila kukatisha naye ni msaada mkubwa.

Akifoka nimjibu nini?

"Naona umeumia. Niko hapa." Hujakubali alichofanya, umekubali kwamba anaumia. Akitulia, mtaongea mengine.

Na akisema anataka kufa?

Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa nyumbani vidonge na ile dawa ya kupulizia kahawa iliyoko stoo. Usimwache peke yake hata dakika moja, na mpeleke hospitali usiku huohuo, hata kwa bodaboda, ukae nyuma yake umemshika.