Nguzo Nyekundu za Knossos Ni Zege, Jamani

Imeingia tena. Safari hii ni binamu yangu, yuko likizo Krete, kisiwa cha Ugiriki, na mumewe. Kanitumia picha kwenye simu: kasimama mbele ya zile nguzo nyekundu za lango la kaskazini la kasri la Knossos, mkono kiunoni, fahali wa rangi nyuma yake. Chini kaandika: "Miaka 4000 na bado zimesimama! Nyie na chokaa yenu mnangoja nini?"

Dada, hizo nguzo zilimwagwa karibu mwaka 1930. Bibi yetu mzaa baba alikuwa ameshazaliwa. Fahali naye ni nakala, mwenyewe yuko makumbusho ya Heraklion, dakika chache tu kwa basi.

Mimi kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, na Krete nimefanya misimu miwili ya kushika ndoo na mwiko. Swali hili, kama Knossos ni ya kale kweli au ni zege tu, nimelijibu harusini, msibani na kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Leo naliandika, ili siku nyingine nitume kiungo nikalale.

Historia kwa ufupi. Mfanyabiashara wa Heraklion, jina lake Minos Kalokairinos (ndiyo, Minos, kama yule mfalme wa ngano za Krete, wala si utani), alichimba pale mwaka 1878 akakuta ghala zenye makasiki makubwa ya udongo. Mwingereza Arthur Evans akaanza Machi 1900, na wiki chache baadaye alikuwa na chumba chenye kiti cha jasi kimeegemea ukuta. Akakiita kiti cha enzi, jina likaganda. Kiti ni chenyewe, na kiko palepale. Wale wanyama wenye vichwa vya ndege ukutani ni kazi ya mikono ya akina Gilliéron, baba na mwana, wachoraji wa Evans. Kama aliyekalia kile kiti alikuwa mfalme, au mwanamke, au kuhani, wataalamu wanabishana mpaka leo. Mimi naegemea kwa mwanamke, ila usinifunge kamba.

Sasa zege. Hapa naomba utulie, maana ndipo watu wote wanapokosea, wanaosifu na wanaotukana.

Kasri lile lilijengwa kwa mawe, matofali mabichi na mbao nyingi mno: mbao ndani ya kuta, mbao kwenye vizingiti, na nguzo zenyewe vigogo vya miti, vinene juu na vyembamba chini. Moto ulipolimaliza, karne ya 14 KK, vigogo vikageuka mkaa. Lakini ghorofa za upande wa mashariki hazikuanguka zote. Matofali ya juu yaliporomoka yakajaza vyumba vya chini, na uchafu ule ukashikilia ngazi na sakafu mahali pake, zikaning'inia juu ya udongo kwa zaidi ya miaka 3000. Anakuja mchimbaji, anatoa udongo. Umeona tatizo? Kila ndoo unayoitoa ni nguzo unayoing'oa.

Ile Ngazi Kuu ya upande huo wa mashariki ilichimbwa kama mgodi, kwa vichuguu na mihimili. Kwanza walishikiza kwa mbao, na majira ya baridi ya Krete, ambayo ni mvua tupu, yakaziozesha. Wakaja na mihimili ya chuma, ghali kama dhahabu. Miaka ya 1920 ikaleta zege lenye nondo, rahisi na la haraka. Mwaka 1926 tetemeko kubwa likatikisa kisiwa, Evans mwenyewe akiwa kitandani katika nyumba yake jirani na magofu, na sehemu zilizoshikwa kwa zege zikabaki zimesimama.

Kwa hiyo anayekuja kuniambia "Knossos yote ni feki, Evans alijijengea sinema" simvumilii kuliko hata binamu yangu. Binamu angalau anafurahi. Ukiwa kwenye Ngazi Kuu, ghorofa ilikuwepo kweli, na zege liko pale limebeba kitu cha kweli. Hata umbo la nguzo na wekundu wake havikutoka kichwani mwa Evans, vimo kwenye michoro midogo ya ukutani iliyochimbwa humohumo. Ukivuka ua wa kati ukapanda upande wa magharibi, kule alikokuita Piano Nobile, Kiitaliano cha ghorofa ya heshima, hapo hamu ilishamzidi fundi. Alikuwa na besi za nguzo zilizoanguka toka juu, vipande vya kuta, na imani kubwa sana. Zege ni lilelile, ushahidi si uleule, na mgeni amesimama juu yake hana namna ya kujua. Hilo ndilo kosa lake kwangu: hakuacha mshono unaoonekana.

Ningefanya tofauti? Vitabu vyetu vya kazi vinasema chochote unachoongeza kiweze kutolewa tena bila kuharibu. Kauli nzuri ukiwa umeketi. Ukiwa na ngazi inaning'inia na mawingu yanakusanyika, sina hakika. Na nasema hivi mimi ambaye huku pwani nimemaliza ujana wangu nikibandua saruji waliyoipaka watu wenye nia njema juu ya kuta za matumbawe. Saruji haipumui, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inautafuna ukuta kimyakimya. Knossos nako dawa imekuwa ugonjwa. Nondo zinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka. Ni kichekesho cha fani yetu: tunakwenda kwenye kasri la zama za shaba kutibu zege la zama za magari.

Jasi ndiyo inayoniumiza zaidi, na hakuna anayeipiga picha. Ni jiwe laini, ukucha unalichora, na maji ya mvua yanaliyeyusha polepole. Wenyewe walilitumia mno sehemu zenye paa. Paa likaondoka.

Michoro nayo tuipitie mbiombio, ila mmoja siuachi. Evans alipata vipande vya kiumbe wa rangi ya buluu akichuma maua ya zafarani. Wakamrudishia kichwa, akawa mvulana. Alibaki mvulana kwa miongo, mpaka Mgiriki Nikolaos Platon akatazama upya, katika miaka ya 1940, na kuonyesha kuwa ni kima. Mkia ulikuwepo! Sisemi kwa kuwacheka. Nimewahi kuunganisha vigae viwili kwa saa tatu na vilikuwa vya vyungu viwili tofauti. Nasema ili ukimwona yule "Mwana wa Mfalme" mwenye taji la mayungiyungi, ujue vipande vyake pia vinashukiwa kuwa vya watu zaidi ya mmoja.

"Na chumba cha Minotauro ni kipi?" Hakipo. Twende.

Haya, nirudi kidogo, maana swali lenyewe si la kijinga. Minotauro ni yule mtu mwenye kichwa cha fahali ambaye ngano inasema Mfalme Minos alimfungia ndani ya Labirinti, jengo la njia za kupotea. Waliojenga pale hawakuwa wakiandika Kigiriki. Mwandiko wao wa zamani, Linia A, haujasomwa. Wagiriki walishika usukani karibu mwaka 1450 KK, na hesabu zao za ghala ziliandikwa kwa Linia B, ambayo Michael Ventris aliifumbua mwaka 1952. Ngano ya Theseus, kijana wa Athene aliyemuua, na uzi wa Ariadne, binti wa Minos, uliomwonyesha njia ya kutoka, waliisimulia Waathene, yaani ni maneno ya jirani kuhusu nyumba ya jirani. Kwa karne nyingi wasafiri waliokwenda Krete kutafuta Labirinti hawakuja hata Knossos, walipelekwa kwenye machimbo ya mawe karibu na Gortyn, wakatembea gizani na mienge wakarudi wameridhika.

Lakini kuna kibao kimoja cha udongo cha Knossos kinachonisumbua kwa raha. Ni hesabu ya sadaka: kwa miungu yote, asali, mtungi mmoja, kwa Bibi wa Labirinti, asali, mtungi mmoja. Neno lenyewe limeandikwa da-pu-ri-to, na wengi wanakubali ndilo hilo, ingawa ile "da" badala ya "la" haijawahi kunikalia sawa. Fahali hatajwi. Ni bibi mmoja tu anayepokea asali sawasawa na miungu wengine wote wakijumlishwa. Kama ningekuwa muuza tiketi, ningekiandika kile kibao langoni.

Nikamwambia binamu aache nguzo, azunguke upande wa magharibi kwenye ghala, atazame chini. Jioni katuma picha nyingine: bamba la jasi, na juu yake doa jeusi limesambaa kama mafuta ya taa yaliyomwagika. "Hawa watu hawasafishi?"

Nikamjibu, hayo ni masizi ya mafuta yaliyoungua siku kasri lilipoungua. Hilo ndilo la kale kweli ulilodhani unalipiga picha. Simama kando yake, mkono kiunoni.