Je, wajua kwa nini jitu zito la kwenye gemu la ngumi linaogopwa?

Mwezi wa saba, Iringa, vidole vinaganda. Kwenye banda moja la gemu pale Kihesa utawakuta vijana wamebanana kwenye benchi na makoti yao, mikono kwapani, kila mmoja anasubiri zamu. Sheria ni ile ya kila banda: anayefungwa anaachia pedi. Jioni moja fundi pikipiki mmoja aliing'ang'ania pedi karibu saa nzima, na mtu aliyemchagua ndiye aliyetuacha midomo wazi. Alimchukua Zangief, lile pande la Mrusi lenye manyoya kifuani, linalotembea kama semi yenye shehena ya Zambia ikipanda mlima Kitonga. Sisi wengine tulichukua wepesi, wa kurusha moto na kurukaruka. Tulifungwa wote.

Inakuwaje mtu mzito, asiye na silaha ya mbali, awanyanyase wepesi?

Anzia kwenye kinga. Kwenye gemu za aina hii ukivuta mshale kinyumenyume mtu wako anajikinga, na karibu kila ngumi na teke vinaishia mikononi. Mwoga angeweza kujikunyata hivyo raundi nzima. Ndiyo maana kukawekwa kukaba: aliyejikinga akishikwa, kinga yake haina kazi, ananyanyuliwa na kubwagwa. Hapo pigo linashindwa na kinga, kinga inashindwa na kukaba, na anayekuja kukaba anaweza kukatizwa na pigo. Kila mhusika anaweza kukaba, ila kule kwa kawaida kunauma kiasi tu, na mwenzako naye akibonyeza kukaba kwa wakati mnaachana. Zangief ana kukaba kwake mwenyewe, na huko hakuna kuachana. Ukishikwa, mnapaa wote, mnazunguka hewani, na kinachotangulia kufika sakafuni ni kichwa chako.

Jamaa huyu aliingia na Street Fighter II ya Capcom mwaka 1991, mwaka uleule Muungano wa Kisovieti ulipovunjika. Tangu hapo gemu imetoka matoleo mengi, lakini namna yake ya kukaba haijabadilika sana: zungusha mshale duara, kisha ngumi. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Jaribu. Kwenye duara kuna juu, na juu ni kuruka. Ukizungusha taratibu, pande lako linaruka kama chura badala ya kukaba, na ukitua unakuta mwenzako amekungoja na mateke.

Nilimwangalia yule fundi kidole gumba, si skrini. Hakuzungusha akiwa amesimama tu. Alikuwa anatupa kangumi kepesi, mwenzake anajikinga, na wakati mkono wa Zangief bado uko mbele, gumba lilishamaliza duara. Mkono unarudi, ngumi inabonyezwa, mtu yuko hewani. Safari nyingine aliificha duara ndani ya kuruka: ukiwa tayari uko juu, mshale wa juu haukurushi tena, kwa hiyo unazungusha ukishuka na unakaba miguu ikigusa chini. Gumba lilikuwa na sugu. Nadhani ya pikipiki, ingawa mwenyewe alidai ni ya Zangief.

Kuna na hesabu ya umbali. Kwenye Street Fighter 6 ya mwaka 2023, ukimaliza duara kwa ngumi nyepesi mkono unafika mbali zaidi lakini maumivu ni madogo. Kwa ngumi nzito maumivu ni makubwa, ila mpaka muwe karibu zaidi. Mkabaji mzuri anaijua hatua yake hadi ile ya mwisho, kama dereva anavyojua upana wa gari lake.

Uzito ndiyo bei anayolipa. Anatembea polepole, mwili ni mkubwa kwa hiyo kupigwa ni rahisi, na moto wa kurusha hana. Anafidiwa kidogo kwa damu, yaani uhai wa mhusika: kwenye hiyo Street Fighter 6 wengi wana 10,000, yeye ana 11,000. Ukimwekea Ryu, mhusika mwepesi anayerusha moto mfululizo, raundi inaweza kuwa mateso matupu. Unajikinga, unapiga hatua moja. Unaruka wima moto upite chini, unatua, hatua nyingine. Watazamaji wanapiga miayo.

Lakini uwanja una mwisho. Anayerudi nyuma anajipunguzia nafasi mwenyewe, na akifika kona ya skrini hana tena pa kwenda. Hapo ndipo mambo yanageuka. Ajikinge? Atakabwa. Aruke? Mkabaji akilihisi hilo, anamtandika hewani. Apige? Akibahatisha vibaya anakula ngumi. Mikabo minne hivi inatosha kumaliza raundi, maana yake mkabaji anaweza kukosea mara kumi akapatia nne, mwenzake hana anasa hiyo.

Sisi wa Iringa habari ya umbali tunayo tangu zamani. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, upande wa barabara ya Morogoro, kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe wa Chifu Mkwawa wengi wao walikuwa na mikuki. Walijificha, wakaacha msafara uwasogelee, ndipo wakauvamia. Zelewski aliuawa palepale. Bunduki ya masafa inataka masafa, na siku ile masafa hayakuwepo. Vita ya kweli si gemu, najua, lakini kila nikimwona Ryu amebanwa konani na moto wake nakumbuka Lugalo.

Waliokulia kwenye Tekken 3, gemu nyingine ya ngumi, watasema mbona King, yule wa kichwa cha jagwa, mnyama kama chui, hakuwa mzito hivyo. Kweli, King ni mwepesi kuliko Zangief, ila shule ni moja. Tofauti ni kwamba kule ukichuchumaa mikabo yake mingi inapita juu ya kichwa, na ukishikwa bado una nafasi finyu ya kujinasua ukibonyeza kitufe sahihi. Naye ana namna ya kumkamata aliyechuchumaa. Wale waliokuwa wanachukua Eddy, mhusika mwingine wa Tekken, na kuponda vitufe vya mateke bila kuangalia wanaijua habari hiyo.

Zamu yangu ilipofika nilijiambia sitakabwa. Nikakaa mbali, nikarusha moto mpaka mkono ukapata joto. Fundi akatembea. Hakukaba hata mara moja, alikuja tu, hatua, kinga, hatua, mpaka mgongo wangu ukagusa ukingo wa skrini. Pale akasimama. Hakubonyeza kitu. Kijana wa nyuma yangu akapiga kelele, "Kaka, anakukaba huyo!" Nikaruka. Zangief alishaanza kuzungusha mikono kabla sijafika juu.

Nikaachia pedi.