Kuwahi: maana yake na mitego yake

Kuwahi si kufanya haraka. Mtu anaweza kukimbia na asiwahi, mwingine akaja taratibu na akawahi. Neno hili linadai kikomo: basi linaloondoka, benki inayofungwa, mvua, au jirani mwenye jicho kwenye kiwanja kilekile unachokitaka. Pasipo kikomo, "mapema" inatosha.

Dar es Salaam utalisikia zaidi vituoni. Jioni, abiria wa Mbagala anayejua kuwa Kariakoo hapati siti huifuata daladala mbele kidogo ikiwa bado inakuja mjini, akageuza nayo na kulipa nauli mara mbili. Huyo amewahi siti. Anayerusha begi dirishani naye hudai amewahi, ila hapo ndipo ugomvi huanzia, maana wengine hawakubali kuwa begi linawahi.

Kumwahi mtu ni kumkuta kabla hajaondoka, au kutenda kabla yake: "Alinyanyua ngumi, mwenzake akamwahi kwa kichwa." Kuwahisha ni kumfanya mwingine awahi. Mgonjwa huwahishwa hospitali, na bodaboda huambiwa "niwahishe Posta". Ukimwambia "niwahi Posta" umemtaka akufuate huko kabla hujaondoka.

Lina jirani wawili. Kutangulia ni kuwa mbele ya wenzako katika njia moja. Kujihami hudai hatari. Masika ya Dar huanza Machi: aliyezibua mtaro wake Februari amewahi, lakini anayepanga viroba vya mchanga mlangoni wingu likiwa limeshatanda anajihami tu.

Mtego mkubwa uko kwenye maana ya pili, ile ya jambo kuwa limekupata angalau mara moja. "Leo nimewahi kufika Kigamboni" ni kufika mapema. "Nimewahi kufika Kigamboni mara mbili" ni kupafahamu. Ondoa "leo" na "mara mbili", msikilizaji atabaki anakisia. Kwenye kukanusha, "sijawahi" haina utata, ni kutofanya kabisa hadi sasa. "Sikuwahi" ndiyo yenye sura mbili. "Sikuwahi kumwona babu" yaweza kuwa hamkuonana maishani, au ulifika hospitali amekata roho. Msibani, afadhali useme "nilikuta ameshafariki".